Arubuni ya Seremala: Ahadi, Wakati na Haki katika Samani za Kuagiza

Mtu anayeagiza rafu za kutengenezwa kwa kipimo cha ukuta wa nyumba yake hutoa fedha kwa ajili ya kitu ambacho bado hakipo duniani, na hali hiyo peke yake inatosha kuliweka tendo lake katika fungu tofauti na manunuzi mengine ya kila siku. Anayenunua kiti kilichokwisha kuundwa anaweza kukikalia, kukitikisa, kukipindua na kukagua maungio yake kabla ya kufungua mkoba. Anayeagiza rafu ana mchoro wa penseli, vipimo vichache vilivyoandikwa pembeni, na maneno ya fundi. Usumbufu unaolalamikiwa katika maduka na karakana za samani zenye wateja wengi, yaani tarehe zinazosogezwa mbele, mbao zinazobadilishwa kimyakimya na rafu zinazokataa kuingia mahali pake, kwa kawaida hujadiliwa kama suala la tabia mbaya za mafundi au la ubishi wa wateja. Makala haya yanalitazama suala hilo kupitia swali ambalo wanafikihi, yaani wataalamu wa sheria ya Kiislamu, na wanafalsafa waliliuliza karne nyingi zilizopita: anayelipia kisichokuwepo amenunua nini hasa, na aliyepokea malipo hayo anadaiwa nini?

Haja ya kuagiza haitokani na anasa tu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar kuta za zamani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zikawa nene na zenye mawimbi, kiasi kwamba kona ya chumba mara nyingi haifikii pembe ya digrii 90, na upana uliopimwa karibu na sakafu haulingani na ule uliopimwa karibu na dari. Kabati la kiwandani, lililoundwa kwa ajili ya chumba cha kufikirika chenye kuta zilizonyooka, huacha upenyo upande mmoja na kukwama upande wa pili. Nyumba mpya za matofali ya saruji nazo haziko mbali na hali hiyo pale ambapo mwashi hakuitumia timazi kwa uangalifu. Ndiyo maana kazi ya kuunda samani kwa oda inaendelea kuwa na wateja wengi Keko, Dar es Salaam, na kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, ambako makabati, vitanda na rafu huundwa, hupigwa msasa na kupakwa vanishi mbele ya macho ya wapita njia, bila kujali wingi wa bidhaa za viwandani zinazoingizwa kutoka nje.

Aristotle, katika kitabu cha tano cha maandishi yake juu ya maadili yanayojulikana kwa jina la Nikomako, anakitaja kipimo cha madini ya risasi kilichotumiwa na waashi wa kisiwa cha Lesbos, ambacho kilijikunja kulifuata umbo la jiwe badala ya kulidai jiwe liwe na unyoofu ambao halikuzaliwa nao. Alikitaja ili kueleza aina ya uadilifu unaoirekebisha sheria pale ambapo sheria, kwa kuwa imetungwa kwa ajili ya watu wote, inashindwa kumtendea haki mtu mmoja mwenye hali ya peke yake. Samani za kuagiza ni utekelezaji wa wazo hilo katika mbao: ukuta mmoja, wenye kasoro zake, unatendewa kama ulivyo. Hata hivyo gharama ya uadilifu wa namna hii ni kubwa, kwa sababu kinachomfaa mmoja hakimfai mwingine, na rafu iliyokatwa kwa ajili ya ukuta wenye mgongo wa kobe haina soko kwingine kokote. Mnunuzi na fundi wanafungwa pamoja na kitu ambacho, wakigombana, hakuna mtu wa tatu atakayekitaka.

Tena wanafungwa pamoja wakiwa na elimu mbili tofauti. Katika kitabu cha tatu cha Siasa, Aristotle huyohuyo anasema kwamba anayekaa katika nyumba huihukumu vizuri kuliko aliyeijenga, na kwamba mlaji wa karamu ni mwamuzi bora kuliko mpishi. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ina upungufu ambao kila karakana inaudhihirisha. Mteja anavijua vitabu vyake, sufuria zake na watoto wake wanaopanda juu ya kila kitu. Fundi anajua kwamba MDF, yaani ubao unaoundwa kwa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, utabonyea katikati ukipewa urefu mkubwa bila nguzo na kisha kupakiwa vitabu, na kwamba ubao wa mninga au mvule uliopasuliwa karibuni bado una maji ndani yake, hivyo utasinyaa na kupinda unapokauka. Mbao mbichi zikiharakishwa kuingia kazini, rafu iliyopendeza siku ya kufungwa itaachia maungio baada ya miezi michache. Kwa hiyo si kila ucheleweshaji ni dhuluma, na fundi anayekataa kuzikata mbao kabla ya wakati wake, hata mteja akikasirika, anamtendea uaminifu ambao mteja huyo hana elimu ya kuutambua. Usumbufu wa aina hii hutoka katika maumbile ya mti na hauna wa kulaumiwa. Unaostahili kuchunguzwa ni ule unaotoka katika nia na maneno ya watu.

Sheria ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi imeyaongoza mapatano ya biashara katika pwani ya Afrika Mashariki, inaanza kwa tahadhari kubwa. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad alimkataza sahaba Hakim bin Hizam kuuza kitu asichokuwa nacho, na imepokewa pia katazo la mauzo yenye gharari, neno ambalo wanafikihi wanalitumia kumaanisha shaka kubwa juu ya kuwepo kwa kitu, sifa zake au uwezekano wa kukikabidhi. Sababu ya katazo haifichiki: anayeuza kisichokuwepo anauza matumaini, na matumaini yakikatika, mmoja hubaki na fedha na mwingine hubaki na hasira. Hata hivyo imepokewa kutoka kwa sahaba Ibn Abbas kwamba Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya msimu, mwaka mmoja au miwili mbele, naye hakuibatilisha desturi hiyo, bali aliiwekea masharti ya kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Mkataba huo unaitwa salamu, yaani mauzo ambayo bei hutangulizwa yote na bidhaa hufuata baadaye, na ruhusa yake ina maana kubwa kifikra, kwa kuwa inakiri kwamba binadamu hawawezi kuishi kwa kubadilishana vile tu vilivyokwisha kuwepo. Mkulima anahitaji fedha kabla ya mavuno, na seremala vilevile kabla ya kununua mbao.

Juu ya kazi ya fundi hasa, madhehebu ya kifikihi yalitofautiana. Wanafikihi wa madhehebu ya Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, waliukubali mkataba maalumu uitwao istisnaa, ambao kwao mtu humtaka fundi amtengenezee kitu kwa sifa zilizotajwa kwa vifaa vya fundi mwenyewe, bila ulazima wa kulipa bei yote papo hapo. Walikiri kwamba kwa kanuni ya jumla mkataba huo ulipaswa kuwa batili, lakini waliipendelea desturi ya watu ambao tangu zama za mwanzo walikuwa wakiagiza viatu na vyombo vya madini bila ya mtu kuwakataza. Abu Hanifa mwenyewe alimwachia mteja uhuru wa kukikataa kitu hata kikiwa kimetengenezwa sawasawa, kwa kuwa hakuwa amekiona alipokiagiza. Mwanafunzi wake Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 798 na ambaye alikuwa kadhi mkuu wa Baghdad, aliona kwamba kitu kikilingana na sifa zilizotajwa mteja hana budi kukipokea, kwa sababu fundi amekwisha kuikata mali yake kwa kipimo ambacho pengine hakuna mwingine atakayekinunua. Rai ya Abu Yusuf ina nguvu zaidi, na mtu yeyote aliyewahi kuona kabati la kona likiwa limeachwa mvuani nje ya karakana, baada ya mteja kubadili mawazo, ataelewa sababu. Majalla, mkusanyo wa sheria wa dola ya Uthmaniya uliotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876, uliufuata mwelekeo huo na kuufanya mkataba uwabane wote wawili.

Pwani ya Waswahili, hata hivyo, ni ya madhehebu ya Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 820, na madhehebu haya hayakuufungulia mlango mkataba wa istisnaa. Kazi ya kuagiza, kwa mtazamo wao, ni salamu na inafuata masharti ya salamu: bei yote italipwa katika kikao kilekile na sifa zote zitabainishwa. Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake Minhaj al-Talibin kimesomeshwa kwa vizazi vingi katika darsa za pwani, anakwenda mbali zaidi kwa kuvitoa katika salamu vitu vya mchanganyiko ambavyo viambato vyake haviwezi kudhibitiwa kwa maelezo, miongoni mwavyo viatu vya ngozi. Rafu yenye mbao, gundi, bawaba, vioo na vanishi ingepata shida kubwa kuupita mtihani huo. Mtu angeweza kudhani kwamba sheria hii iliishi vitabuni tu huku mafundi wakiendelea na kazi zao. Lakini upo utaratibu ulioenea sana Afrika Mashariki, ambao wengi huufuata bila kujua kwamba unaendana na fikihi hiyo, nao ni ule wa mteja kununua mbao mwenyewe, kuzipeleka karakana, na kulipa ufundi peke yake. Hapo hakuna tena mauzo ya kisichokuwepo. Mbao ni mali ya mteja tangu mwanzo hadi mwisho, na kinachonunuliwa ni kazi, kwa mkataba wa ijara, yaani wa kukodi nguvu na ujuzi wa mtu kwa ujira unaojulikana.

Utaratibu huu huondoa tatizo moja na kuleta jingine, kwa kuwa mbao zilizoachwa kwa fundi zinakuwa amana, na amana inaweza kuliwa. Vipande vinavyobaki baada ya kukata ni vya nani? Ubao mzuri ukibadilishwa na wenye mafundo, nani atathibitisha? Imepokewa kwamba khalifa Ali bin Abi Talib aliwatoza mafundi fidia ya mali za watu zilizoharibika mikononi mwao, kwa hoja kwamba watu hawatatengemaa bila hilo, na Shatibi, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 1388, aliitaja hukumu hiyo kama mfano wa sheria inayojengwa juu ya masilahi ya umma. Imamu Shafii alielekea kuona kwamba fundi hawajibiki ila kwa kile ambacho mikono yake imekiharibu. Lakini mwanafunzi wake Rabii bin Sulaiman anasimulia kwamba hakuitangaza rai hiyo waziwazi kwa kuwachelea mafundi. Simulizi hii fupi inastahili kutafakariwa. Mwanachuoni aliamini kwamba haki, kwa undani wake, iko upande wa fundi, ila akahofia kwamba fundi asiye mwaminifu angeligeuza neno lake kuwa kinga ya kula mali za watu. Ni mara chache fikra za sheria zimekiri kwa uwazi kiasi hicho kwamba hukumu sahihi inaweza kudhuru ikiangukia katika karakana isiyo na uaminifu.

Katika maisha ya kila siku, hata hivyo, maagizo mengi huanza kwa arubuni, yaani fedha za kutanguliza ambazo huonyesha kwamba mteja ana nia ya kweli. Madhehebu mengi ya kifikihi, ukiondoa ya Hanbali, yaliyakataa mauzo ambayo kwayo arubuni hupotea mnunuzi akighairi, kwa kuwa muuzaji angekuwa amepata fedha bila kutoa kitu. Jumuiya ya Kimataifa ya Fikihi ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah, katika azimio lake la mwaka 1993, iliyaruhusu iwapo muda wa kusubiri umewekewa mpaka. Mjadala wote huu wa arubuni unamwangalia mnunuzi anayeghairi. Haugusi kwa karibu tatizo ambalo katika karakana yenye shughuli nyingi ndilo kubwa kuliko yote: fundi anayepokea arubuni kumi wakati mikono yake inatosha kazi nne.

Hapa ndipo kiini cha suala kilipo. Fundi wa mjini kwa kawaida hana mtaji wala mkopo wa benki, na mbao hununuliwa kwa fedha taslimu. Mteja wa Jumatatu analeta arubuni, nayo inatumika kumalizia kabati la mteja wa wiki iliyopita ambaye amekwisha kuja mara kadhaa akifoka. Ili kuianza kazi ya mteja wa Jumatatu inabidi apatikane mteja wa Alhamisi, na mnyororo huo unaendelea kwa utaratibu uleule hadi siku ambayo hakuna anayekuja, na hapo wote waliomo wanagundua kwa pamoja kwamba fedha zao hazimo tena mbaoni. Kumwita fundi huyu mwongo ni kusema haraka kupita kiasi. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 juu ya msingi wa maadili, alichukua mfano wa mtu anayekopa huku akijua kwamba hatalipa, akaonyesha kwamba ahadi ya namna hiyo, ikifanywa kuwa kanuni ya watu wote, ingeifuta maana ya kuahidi. Fundi wetu hayumo katika mfano huo, kwa kuwa anaposema kazi itakuwa tayari Ijumaa anaitaka iwe tayari Ijumaa, na huenda anaamini itakuwa. Mwanachuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya alitofautisha vivyo hivyo kati ya anayeahidi akiwa amekwisha kuazimia kuvunja, ambaye ndiye mnafiki, na anayeahidi kwa azma ya kutimiza kisha akazuiwa na udhuru.

Hata hivyo udhuru unaojulikana kabla ya ahadi haubaki kuwa udhuru. Kazi ya seremala, ukiondoa mbao na misumari, imeundwa na saa: saa za kupima, kupasua, kupiga randa, kuunga, kusubiri gundi ikauke, kupiga msasa. Saa hizo ndizo mali yake ya kweli, nazo zina idadi. Anapompa mteja mmoja asubuhi ya Jumatano na baadaye akapokea fedha za mwingine kwa asubuhi hiyohiyo, ameuza kitu kimoja kwa watu wawili, na wa pili ameuziwa asichokuwa nacho muuzaji, kwa maana nzito kuliko ile ya rafu ambayo haijaundwa. Rafu isiyokuwepo inasameheka, kwa kuwa mahitaji ya watu yameihalalisha na uwezo wa kuiunda upo. Lakini asubuhi iliyokwisha kuuzwa haiwezi kuundwa upya na fundi yeyote. Kosa, kwa hiyo, halitokei siku ya kuchelewa. Limekwisha kutokea siku ya kupokea fedha, wakati ambapo mteja alikuwa bado anatabasamu na hakuna aliyekuwa na habari ila fundi peke yake. Ndiyo sababu lawama zinazotolewa siku ya Ijumaa hazizai matunda: zinaelekezwa kwenye tokeo, na fundi, ambaye kwa kweli alikesha akifanya kazi, anajiona ameonewa.

Wapo ambao wangelieleza jambo hili kwa kurejea mtazamo wa Mwafrika juu ya wakati. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyeishi kati ya mwaka 1931 na 2019, alidai katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kwamba katika fikra za jadi wakati una pande mbili kuu, alizoziita kwa maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haupo, kwa kuwa matukio yake hayajatukia. Alijenga hoja hiyo kwa kiasi kikubwa juu ya njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu. Kwame Gyekye, mwanafalsafa wa Ghana, aliipinga kwa ushahidi kutoka kwa Waakani wa nchi hiyo, na karakana ya seremala ingeweza kumpa ushahidi wa ziada. Mtu anayezipanga mbao kivulini kwa vijiti vya kuzitenganisha ili upepo uzikaushe kwa miezi, au anayeacha nafasi ndogo kwenye mlango wa kabati kwa sababu anajua msimu wa mvua utauvimbisha, anaufikiria wakati ujao kwa umakini ambao maofisa wengi hawana. Upungufu wa karakana upo katika hesabu na katika ujasiri wa kusema hapana, wala hautokani na utamaduni usioijua kesho.

Ukosefu wa ujasiri huo mara nyingi hufichwa nyuma ya jina la Mungu. Sura ya Al-Kahf inamwelekeza muumini asiseme juu ya jambo lolote kwamba atalifanya kesho bila kulifunga na matakwa ya Mwenyezi Mungu, na Waraka wa Yakobo katika Agano Jipya unawaonya vivyo hivyo wafanyabiashara wanaoipanga kesho yao kana kwamba ni mali yao. Maagizo hayo mawili yanamfundisha binadamu unyenyekevu baada ya kuwa amekwisha kufanya kila lililo katika uwezo wake. Wanafikihi walijua kwamba tamko la inshallah linaweza pia kutumika kwa njia nyingine, kwa kuwa walikubali kwamba anayeapa kisha akaunganisha kiapo chake na tamko hilo hatozwi kafara, yaani fidia ya kuvunja kiapo, asipofanya alichoapia. Tamko linalofungua kiapo haliwezi kuwa ndilo lililokifunga, na fundi anayeambatanisha inshallah na tarehe ambayo yeye mwenyewe anajua haiwezekani analitumia jina tukufu kujitoa katika ahadi huku akionekana ameitoa. Kwa mteja Mwislamu jambo hili lina uchungu wa pekee, kwa sababu anaona aibu kulihoji neno ambalo imani yake inamtaka aliheshimu.

Katika mapokezi ya Kiislamu lipo tukio moja la kuagiza kazi ya seremala ambalo ni la thamani kubwa kwa mjadala huu. Bukhari, ambaye katika mkusanyo wake wa hadithi aliweka mlango mahsusi juu ya kutafuta msaada wa seremala na mafundi katika mbao za mimbari na msikiti, anapokea kwamba mimbari ya Mtume iliundwa na kijana seremala aliyekuwa mtumwa wa mwanamke mmoja wa Kiansari, yaani wa wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, kwa mti uliokatwa katika msitu wa karibu na Madina. Mapokezi yanatofautiana: katika moja mwanamke ndiye aliyejitolea, katika jingine Mtume ndiye aliyetuma ujumbe kwake. Wafafanuzi, na Ibn Hajar al-Asqalani (1372–1449) anawanukuu katika Fath al-Bari, ufafanuzi wake wa mkusanyo huo, waliyapatanisha mapokezi hayo kwa kusema kwamba huenda mwanamke alijitolea kwanza, kisha kijana akakawia katika kazi, ndipo Mtume akatuma mtu kukumbusha. Kama upatanisho huo ni sahihi, basi hata mimbari ya msikiti wa Madina ilichelewa, na aliyeisubiri alikumbusha bila kuvunja heshima ya aliyekuwa akiiunda. Subira ya namna hii haikuwa kunyamaza, kwa kuwa ujumbe ulitumwa na dai likasimama; kilichokosekana ni matusi tu.

Mteja naye ana la kujibu. Wapo wanaobadili kipimo baada ya mbao kukatwa, wanaosema rangi iwe ya kahawia bila kuonyesha kahawia ipi, wanaopigania bei hadi fundi analazimika kuiba katika unene wa ubao, na wanaotoweka kazi ikikamilika. Zaidi ya hayo, yapo madai ambayo kila anayeagiza rafu huyabeba bila kuyachunguza. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, rafu zilijengwa ndani ya ukuta wenyewe kwa chokaa, safu juu ya safu, zikaitwa zidaka au vidaka, na ndani yake zikapangwa sahani na bakuli za kauri zilizovuka bahari; Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba hizo, aliona kwamba vyombo hivyo vilikuwa pia kinga dhidi ya husuda na uchafu wa kiroho, mbali na kuwa pambo. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya majumba ya Pate na katika utenzi wake akavitaja vidaka hivyo vya sahani kuwa vimegeuka malalo ya makinda ya ndege. Waliovijenga walikuwa na hakika ya kesho yao kama mteja wa leo alivyo na hakika kwamba nyumba itabaki yake, kwamba vitabu vitakuja, kwamba afya itadumu. Anayemdai fundi tarehe isiyotikisika anamdai kitu ambacho yeye mwenyewe hana, na kuufahamu ukweli huo hakumwondolei haki yake, ila kunaisafisha sauti anayoidai kwayo.

Hannah Arendt, katika kitabu chake cha 1958 juu ya hali ya binadamu, aliandika kwamba matendo ya watu yana udhaifu wa namna mbili, yaani hayatabiriki na hayarudishwi nyuma, na kwamba dawa ya wa kwanza ni kuahidi na ya wa pili ni kusamehe. Karakana inazihitaji dawa zote mbili, na kwa mpangilio huo: msamaha unaoombwa mahali ambapo hapakuwa na ahadi ya kweli hauna cha kusamehe. Kwa upande wa ahadi, azimio la Jumuiya ya Fikihi la mwaka 1992 juu ya istisnaa liliweka njia inayotekelezeka hata kwa anayefuata madhehebu ya Shafii katika mambo yake mengine, kwa kuutambua mkataba huo kuwa unawabana wote wawili, kutaka aina, kiasi, sifa na muda vibainishwe, kuruhusu malipo yagawanywe kwa awamu, na kuruhusu sharti la fidia kwa ucheleweshaji usiotokana na dharura. Malipo ya awamu yanayofuata hatua za kazi, yaani mbao zikinunuliwa, fremu ikisimama, rafu zikifungwa, yangeukata mnyororo wa arubuni kwa sababu kila fedha ingeingia katika mti wa aliyeitoa.

Sheria za serikali nazo hazijalisahau suala hili: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, sura ya 31 nchini Kenya na sura ya 214 nchini Tanzania, inazitambua bidhaa ambazo muuzaji atazitengeneza baada ya mkataba, na ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa. Lakini ni wachache watakaokwenda mahakamani kwa ajili ya rafu, na haki hapa itategemea zaidi kile kinachofundishwa na kuaminiwa kuliko kile kinachohukumiwa. Kwa hiyo walimu wa darsa wanaosomesha mlango wa mauzo, na wachungaji wanaoufafanua Waraka wa Yakobo, wanaombwa wasiishie kwenye matunda ya Madina na wafanyabiashara wa zama za mitume. Wautaje uuzaji wa asubuhi moja kwa watu wawili, waseme kwamba ni dhuluma hata kama kazi itamalizika, na wawahimize mafundi kuweka daftari la maagizo mezani, lililo wazi, ambapo kila anayeingia na arubuni ataona ni wangapi waliomtangulia kabla hajaitoa.